Bwana Poisoni na Maji Yasiyo na Vyura

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, miaka michache kabla ya Uhuru, nilipotoa jibu kwa sauti kubwa mbele ya watu wazima, na jibu lenyewe nilikuwa nimelitunga palepale. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Leo nimeota mvi mpaka kwenye nyusi, lakini nikiikumbuka asubuhi ile bado naona aibu, na papo hapo moyo unajaa shukrani. Kaa nikusimulie.

Mimi ni mzaliwa wa Tinde. Baba alinipeleka shule ya misheni nikafika darasa la nne, jambo ambalo kwa msichana wa Kisukuma wakati ule watu waliliona kama kumvisha mbuzi viatu. Nilipoolewa nikapelekwa upande wa Geita, kwenye kijiji kilichokuwa jirani na mgodi mdogo wa dhahabu wa Mzungu mmoja. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye kinu cha kuchambulia pamba upande wa Mwanza, akija nyumbani mara chache, kwa hiyo niliishi na mama yake. Wanawake waliojua kusoma kijijini pale ukiwahesabu ulimaliza kwa kidole kimoja, nacho kilinielekea mimi. Wakaniita Mwalimu. Sikuwa nimefundisha hata kuku, lakini jina lile lilinikaa vizuri.

Basi kisimani ndiko lilikokuwa darasa langu. Wanawake walikuwa na maswali ambayo walikuwa nayo tangu utotoni na hawakupata wa kumuuliza. Kwa nini mtu mmoja akipiga miayo, na aliye pembeni anapiga? Kwa nini kitunguu kinaliza? Kwa nini jasho lina chumvi na mtu hajala chumvi? Kwa nini ukitembea mwezi unakufuata, na mwenzako anayekwenda njia nyingine anasema unamfuata yeye? Maswali mazuri, mwanangu, nami sikujua jibu la hata moja. Lakini mtu anayeitwa Mwalimu atasemaje hajui? Nikawaambia miayo ni usingizi unaotoka kinywani kwa huyu ukitafuta pa kuingia kwa yule. Nikasema kitunguu kinalia kwa uchungu wa kukatwa, na sisi tunakisaidia. Walicheka, waliridhika, wakajitwika mitungi wakaenda zao. Nami nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo.

Kulikuwa na mama mmoja, Mama Kulwa, mama wa mapacha, ambaye maswali yake hayakwisha. Siku moja aliniuliza, "Mwalimu, hivi tumbo likinguruma, huwa linaongea na nani?" Nikamcheka mbele ya wenzake. Nikamwambia linaongea na watu wasio na la kufanya. Kisima kizima kiliangua kicheko, na yeye akainama akaendelea kuteka maji. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena, nami sikugundua kwamba kuna kitu kimepotea.

Sasa nyumbani kwetu tulikuwa na mtoto mchanga, Masanja. Wifi yangu alifariki akimzaa, na baba yake akamleta kwa bibi yake, yaani mama mkwe wangu. Alikuwa na miezi minne. Ng'ombe wetu wengine shemeji yangu alikuwa amewapeleka mbali kutafuta majani, tukabaki na mmoja tu, ng'ombe mwekundu mwenye pembe iliyopinda, kwa ajili ya maziwa ya mtoto yule. Mama mkwe alimwangalia ng'ombe yule kuliko alivyojiangalia mwenyewe. Maziwa yalikuwa ndiyo uhai wa Masanja, na sote tulilijua hilo bila kuambiana.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Lambo la kijiji lilikauka likabaki matope yaliyopasuka, na kisima kilitoa maji ya kunywa watu tu, tena kwa foleni. Chini ya mtambo wa mgodi, kule walikosaga mawe na kuyaosha, palikuwa na bwawa la maji meupe, yametulia, unaona mpaka chini. Boma la miiba lililolizunguka lilikuwa limeanguka upande mmoja. Kando yake kulikuwa na kibao kimechomekwa kwenye nguzo, kina neno moja kwa rangi nyekundu.

Asubuhi hiyo ninayokuambia tulikwenda pale watu kama kumi, kila mtu anataka kujua kama mifugo inaweza kunywa. Wakanigeukia. "Mwalimu, pameandikwa nini?"

Mwanangu, herufi zote nilizijua. Niliziunganisha moja moja kama tulivyofundishwa: po, i, so, na mwisho n imebaki peke yake. Sisi Wasukuma hatuachi neno liishe linaning'inia namna ile, nikaipa irabu yake. Poisoni. Neno lenyewe sikuwahi kulisikia. Halikuwa Kiswahili, halikuwa Kisukuma. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema sijui. Watu wananitazama, Mama Kulwa naye yupo, na juma lililopita tu nilikuwa nimemcheka. Nikakohoa kidogo nikasema, "Ni jina la mwenye mgodi. Bwana Poisoni. Ameandika ili watu wajue bwawa ni lake."

Wakapokea. Mzungu yule tulikuwa hatujui jina lake, na jina hilo lilionekana kumfaa. Mzee mmoja akasema hata sura yake ni ya Bwana Poisoni kabisa.

Mama mkwe alikuwa amesimama ukingoni na Masanja mgongoni, anayatazama yale maji. Kisha akaniuliza taratibu, "Ng'wanone, maji haya mbona hayana vyura?"

Ng'wanone kwa Kisukuma ni mwanangu. Alipenda kuniita hivyo.

"Lambo letu vyura walikuwa wanatuziba masikio," akaendelea. "Hapa hata mmoja hakuna. Na ndege siwaoni wakishuka kunywa."

Nilikuwa nimekwisha panda, kushuka nikaona haya. "Mama, vyura wanapenda matope," nikamjibu. "Haya ni maji ya Mzungu, yamechujwa."

Alinitazama kidogo. Halafu akaitikia, "Haya, wewe ndiye uliyesoma," akalegeza kamba ya ng'ombe. Ng'ombe alikuwa na kiu ya siku mbili. Alikunywa bila kuinua kichwa.

Hakufika hata njia kuu. Alianza kuyumba, akapiga magoti, akahema kwa shida huku povu likimtoka mdomoni, na kabla hatujajua tumwite nani alikuwa amelala ubavu amenyamaza. Nilimshika pembe ile iliyopinda nikimvuta ainuke, kama mjinga. Mama mkwe alisimama tu, mkono mmoja nyuma, umeshika makalio ya mtoto.

Nyapara wa mgodi alikuja anakimbia. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtani wetu, mtu mzima anayejua kucheka.

"Enyi Wasukuma, kibao hamkukiona?"

"Tumekiona," akajibu yule mzee. "Kina jina la Bwana Poisoni."

Nyapara aliangua kicheko cha utani, halafu akatazama ng'ombe, akatutazama sisi, kicheko kikamkauka. "Poisoni si mtu, ndugu zangu. Ni Kizungu. Maana yake sumu. Maji haya yana dawa ya kutolea dhahabu kwenye mawe, ukinywa umekwisha. Hata nyama hiyo msiiguse, mfukieni na ngozi yake." Kisha akauliza, "Nani aliwasomea?"

Watu walitazama chini, na wengine walitazama mbali. Mama mkwe wangu, ambaye ng'ombe wake ndiye amelala pale, akamwambia, "Baba, sisi hatukusoma. Tulikisia tu, sote."

Nilimsikia ananificha. Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi. "Ni mimi," nikasema. "Nilisoma mimi. Sikulijua neno, nikatunga."

Siku ile Masanja alilia mpaka sauti ikakauka. Tulimkorogea uji mwepesi wa mtama, akautapika. Tukampa maji ya kisima kwa ncha ya kitambaa. Mama mkwe alimbeba akizunguka uani, na mimi nilikaa mlangoni nikisubiri kuambiwa nifungashe nirudi kwetu. Ningekwenda bila kinyongo. Hakuniambia. Jioni, jua likiwa bado lipo, aliniita nikae karibu naye, akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo.

"Sikukasirikii kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe hufa. Nilipokuuliza habari ya vyura, kuna kitu kilikuwa kinanisumbua moyoni na sikujua ni nini. Ungesema hujui, ningeendelea kuuliza. Ningemuuliza huyu, ningemuuliza yule, ningefika kwa nyapara. Wewe ukanijibu, nikanyamaza. Swali langu lilikuwa zuri, ng'wanone, na wewe ulininyang'anya."

Nililia. Yeye hakulia, alinipa mtoto nimshike akaenda kuwasha moto.

Kesho yake jua halijapanda sana nikasikia mtu anabisha uani, "Mwangaluka!" Ndiyo salamu yetu ya asubuhi. Alikuwa Mama Kulwa, na kibuyu cha maziwa kimefunikwa kwa jani. Nilipiga magoti nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya chini. "Marahaba," akajibu, akapita moja kwa moja kwa Masanja, akamnywesha mwenyewe kijiko kwa kijiko, na mtoto akanywa mpaka akasinzia na maziwa kidevuni. Alikuja hivyo asubuhi na jioni. Baada ya siku kama kumi akaja anamkokota ng'ombe wake anayekamuliwa, akamfunga kwetu. "Mkamueni mpaka mvua zirudi na wa kwenu warudi," akasema. "Wangu mapacha wanakula ugali sasa."

Nikamuuliza kwa nini ananitendea wema hivi, mimi niliyemcheka. "Sijui," akasema. "Mtoto alikuwa na njaa."

Alilisema neno lile kwa wepesi kabisa, hata hakuinama. Mimi niliyeogopa kulitamka nikaangusha ng'ombe, nililisikia likitoka kinywani mwa mwanamke asiyejua herufi a, na halikumpunguzia chochote.

Nilikwenda kwa nyapara nikamwomba rangi. Chini ya neno la Kizungu nikaandika SUMU, USINYWE, na kwa wasiojua kusoma nikachora ng'ombe miguu juu. Alifanana zaidi na kigoda kilichopinduliwa, na watani zetu wa mgodini walikicheka miezi mingi, lakini hakuna mfugo mwingine uliokunywa pale. Kisha nikaenda kisimani. Nikawaambia kina mama kwamba habari ya miayo niliitunga, ya kitunguu niliitunga, ya mwezi pia. Nikamgeukia Mama Kulwa nikamwambia, "Na tumbo linaponguruma sijui linaongea na nani. Lakini nataka kujua."

Wakacheka, safari hii pamoja nami. Tangu hapo swali likitushinda tulilipeleka kwa mganga msaidizi wa zahanati, kwa nyapara, kwa padri, kwa wazee wa mifugo. Mengine tulijibiwa, mengine mpaka leo bado. Na nilijifunza zaidi miaka miwili iliyofuata, ya kutojua, kuliko minne ya shule.

Masanja alikua. Ni mtu mzima mrefu mwenye wajukuu, na kila akija kunisalimu ananiletea samaki. Mama mkwe wangu na Mama Kulwa wametangulia. Haipiti siku bila mimi kuwashukuru: mmoja kwa kunikaripia bila kunifukuza, mwingine kwa maziwa. Wabeja sana, asanteni, mama zangu. Sikustahili, na mlinipa.

Sasa wewe, mwanangu, umesoma kuliko mimi, na mkononi una simu inayojibu kila kitu. Hata hiyo sijaisikia mara nyingi ikikiri kushindwa. Watu watakuja kwako kwa sababu ya shule yako. Watakuuliza juu ya dawa, juu ya karatasi ya mahakama, juu ya neno lililoandikwa ukutani. Anayekuuliza amekuamini, na akishapata jibu lako ataacha kutafuta. Kwa hiyo kama unajua, mwambie. Kama hujui, mwambie hujui, halafu inuka ukaulize naye. Na mtu akikuletea swali linaloonekana la kipuuzi, usimcheke. Mtu akichekwa leo, kesho atakuona unakwenda kwenye shimo na hatakuuliza unakwenda wapi.

Mungu akupe watu wasiochoka kukuuliza. Akupe majibu ya kweli, na siku utakayokosa jibu, akupe ulimi mwepesi wa kusema sijui kabla ng'ombe hajainamisha kichwa.