Mbwa Aliyeitwa kwa Kanga

Kanga ya Bibi bado ninayo. Rangi yake ya machungwa imepauka, na pindo moja limetafunwa na aliyelitafuna hakuwahi kuomba radhi. Juzi nilipokwenda Tinde kuona pale tulipokuwa tukilima mpunga, niliitia kwenye mkoba. Usiniulize kwa nini.

Mwaka nilioingia darasa la tatu, mbwa wetu alikufa kwa uzee. Bibi akasikia kwamba mjini Shinyanga kuna mama daktari wa mifugo mwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa, na kwamba anawatoa bure. Hilo la bure lilimpendeza sana. Tukaenda. Yeye alitaka mbwa mkali wa kulinda nyumba. Mimi nikamng'ang'ania mmoja mweupe, aliyelala katikati ya kelele za wenzake kana kwamba yuko peke yake duniani. Bibi akampigia mluzi. Hata sikio halikutikisika.

"Mama, huyo hasikii tangu kuzaliwa," daktari alisema. "Watu wanamchukua, halafu wanamrudisha."

"Yaya, mayu!" Bibi akanigeukia, Kisukuma kikimtoka. "Hapana. Asiyesikia atamsikiaje mwizi?"

Nililia kile kilio cha kugaragara chini. Bibi, kwa kuona haya, akakubali kwa sharti moja: mpunga ukivunwa kabla mbwa hajaonyesha kazi, anarudi kwa daktari. Tukaondoka naye nyuma ya pikapu iliyobeba magunia ya pumba. Jina hakumpa. "La nini, na hasikii?"

Mwanzo ulikuwa mbaya, nisikufiche. Wageni walibisha hodi, wakaingia, wakanywa uji, wakaaga, naye anakoroma mlangoni. Bibi akawa ananiuliza mpunga utavunwa lini, na mimi nilijua anawaza nini.

Kisha mpunga ukaanza kukomaa, kweleakwelea wakaja. Kuwafukuza ilikuwa kazi yetu watoto. Tulishinda majarubani, mifukoni tumejaza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tukipiga madebe na kupayuka hadi sauti zikauke. Mbwa wa majirani waliposikia madebe walifyata mkia wakatimkia nyumbani. Wetu akabaki! Kwake kulikuwa kimya, na ndege walikuwa wengi. Alikimbia juu ya kingo za majaruba, na kila kundi lilipotaka kutua, lilimkuta amefika. Nilicheka mpaka michembe ikanipalia.

Bibi naye akavua kanga ya begani, akaipunga kuwatisha ndege. Mbwa akaiona, akaja mbio, akalishika pindo kwa meno.

"Niachie nguo yangu, wewe!" Bibi alipiga kelele, kazi bure. Tangu siku ile, ukimtaka, unapunga kanga. Hiyo ndiyo ikawa jina lake.

Tulipomaliza kuvuna sikuwa na hamu ya kula. Mwizi hata mmoja hakuwa amekamatwa. Jioni Bibi akauliza ile kamba tuliyomfungia mbwa tulipomtoa mjini iko wapi. Nilikuwa nimeificha chini ya pumba. Nikaitoa, machozi yananitoka.

"Sasa unalia nini? Nataka kufunga gunia."

"Na mbwa, Bibi?"

Alichukua ukoko wa wali mpya, akampa mbwa kabla ya kutupakulia sisi.

"Huyu mpunga ameulinda," akasema. "Wezi nitawasikia mwenyewe."

Sijui kama nimewahi kula wali mtamu kama ule. Mbwa aliishi nasi hadi nikamaliza shule, akazeeka, akafa amelalia kanga. Bibi akamfuata miaka michache baadaye. Majaruba nayo yamegeuka nyumba za bati, maduka na gereji, na madebe siku hizi wanapandia maua. Juzi nilisimama pale kando ya barabara, nikaitoa kanga mkobani, nikaipunga juu kabisa, kama Bibi alivyokuwa akifanya.

Bodaboda aliyekuwa ng'ambo akageuza pikipiki, akaja mbio. "Dada, tunaenda wapi?"

Nilicheka, halafu nikalia, naye akasubiri.

"Nisamehe, mdogo wangu," nikamwambia. "Sikuwa nakuita wewe."