Taa za Chini za Ravdna

Kwa miaka kumi na tisa Ravdna alikuwa akiniletea pikipiki yake ya theluji ikiwa imeshakufa. Hakujua kuleta chombo kinapoanza kukohoa. Alisubiri mpaka kizimike kabisa huko nyikani, akivute kwa kamba ya mwenzake, halafu asimame mlangoni mwa gereji yangu na kusema, "Jovnna, imelala." Kwa hiyo siku ile ya Novemba alipokuja akiiendesha mwenyewe, injini ikinguruma vizuri, nilijua kuna jambo.

Aliketi juu ya ndoo ya oili, akavua kofia, akatoa nyama kavu ya kulungu mfukoni na kunikatia kipande kwa kisu chake.

"Nataka taa," alisema.

"Taa unayo, shangazi. Balbu nilikubadilishia Machi."

"Nataka nyingine. Nyingi. Nataka nione."

Si shangazi yangu wa damu. Kijijini kwetu kila aliye chini ya miaka hamsini humwita shangazi, na wale waliomzidi umri humwita tu Ravdna na kumpisha njia. Wakati ule alikuwa na miaka sitini na mitatu. Hakuolewa. Alikuwa na nyumba pembeni mwa ziwa, kulungu wa kufugwa wenye alama yake masikioni, na zamu yake ya ulinzi. Zamu ndiyo iliyokuwa maisha yake. Siku mbili kila wiki alikuwa huko juu nyikani peke yake, akilizunguka kundi lisichanganyike na la majirani, akitafuta nyayo za wanyama walao nyama. Tangu awe msichana alikosa zamu mara moja tu, wiki aliyomzika mama yake.

Sasa macho yalikuwa yamemgeuka. Daktari wa mjini alimwambia kwamba penye mwanga wa kutosha anaona sawasawa, ila penye kiza hafifu macho yake yanaacha kazi, na dawa hakuna. Lingekuwa jambo dogo kwa mtu wa kwingine. Huku kwetu kaskazini ya mbali jua linaaga mwishoni mwa Novemba na halionekani tena mpaka katikati ya Januari. Mchana wetu ni saa chache za mwanga wa buluu, basi. Wiki mbili kabla ya kuja kwangu alikuwa ametumbukia kwenye kijito ambacho amekivuka tangu utotoni, akakaa ndani ya maji hadi magotini mpaka Heaika, mdogo wake, alipomvuta.

"Unajua aliniambia nini?" Ravdna aliuliza. "Mbele ya watu wote, jikoni kwake. 'Dada, ukitumbukia tena mara moja tu, ufunguo wa pikipiki nauchukua. Utakaa nyumbani utuchemshie kahawa.' Kahawa, Jovnna! Mimi niliyembeba mgongoni huyo, makamasi yanamtiririka mpaka kidevuni!"

Aliitafuna nyama kwa hasira. Nami nikaingiwa na hasira kwa ajili yake, maana Heaika namjua, ni mtu mwema mwenye mdomo mbaya. Nikamwambia aniachie chombo, kazi hiyo ni yangu.

Hapa lazima nijisifu kidogo, maana aibu inakuja. Niliagiza taa ya LED ndefu kama mkono wangu, yenye mwanga mweupe mkali, nikaifunga juu ya kioo cha mbele. Pikipiki yake ni ya zamani na umeme wake ni wa kubana. Ukienda polepole nyuma ya kulungu injini inazunguka taratibu na umeme unapungua, wakati vipasha joto vya usukani vimeshachukua fungu kubwa. Nikampigia simu.

"Chagua, shangazi. Mikono au macho. Vyote havitoshi."

"Mikono ina glavu," alijibu. "Macho nitayavisha nini?"

Basi nikakata waya za vipasha joto. Nikaweka rilei ya kupitishia umeme na fyuzi, nikafunga swichi kubwa ambayo mtu anaibonyeza bila kuvua glavu. Alipokuja kuichukua nilimwambia awashe. Ukuta wa kanisa, ng'ambo ya barabara, ukawa mweupe wote mpaka misumari ikahesabika, na mbwa wa kasisi akaanza kubweka. Ravdna alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe Jovnna, hii ni taa au umelifunga jua kwa kamba?"

"Si ulisema unataka uone?"

Akaondoka akinipungia mkono. Nilijiona fundi wa mafundi.

Siku ya tatu, saa saba mchana, alirudi kwa mwendo wa konokono. Nyusi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Hakuketi kwenye ndoo.

"Umenijengea ukuta," alisema.

Nilielewa kabla hajamaliza, na uso ukanichemka. Mimi niliijaribu taa ile jioni kavu, hewa safi, mbele ya kanisa. Sikufikiria theluji inayoanguka. Nimezaliwa hapa, nimezeeka hapa, na nikasahau theluji! Kila chembe iliyoanguka mbele yake iliudaka ule mwanga na kumrudishia machoni. Alizidi kuwasha, alizidi kupofuka. Alipozima, giza likambakia na weupe ukicheza machoni.

"Sasa umerudije?"

Alinielekeza kwa kidevu. Kwenye mguu wa mbele wa pikipiki, pale chini karibu na ubao wa kutelezea, alikuwa amefunga tochi yake ndogo. Ameifunga kwa utepe wa kiatu, ule mrefu wa kufuma tunaoviringisha juu ya buti ili theluji isiingie. Buti lake la kulia lilikuwa wazi, limejaa theluji.

"Nimefanya kama ninavyoangalia nyayo," alisema. "Wewe huwa unaangaliaje nyayo?"

Mimi ni fundi, lakini baba yangu alikuwa mfugaji, na hilo nilikuwa nalijua. Unachuchumaa. Unailaza tochi karibu kabisa na theluji, mwanga upite juu juu kwa ubavu. Ukimulika kutoka juu, unyayo hauonekani, kote ni weupe juu ya weupe. Ukimulika kwa chini, kila ukingo unatupa kivuli, na unaweza kujua mnyama amepita leo au juzi. Ravdna alikuwa ameshuka huko juu, katikati ya weupe ule, akailaza tochi, na mara njia aliyokuja nayo asubuhi ikasimama mbele yake, matuta yake yote yakiwa meusi pembeni.

"Umenipa mwanga mwingi," alisema. "Mimi nilikuwa nataka kivuli."

Nilinuna. Nasema kweli, nilinuna vibaya sana. Miaka ishirini na mitano nashika spana, halafu nafundishwa taa na tochi ya mfukoni na utepe wa kiatu.

"Ungeniambia mapema," nilisema.

"Ungenisikiliza?"

 Nilimletea kahawa, nikamtilia vipande vya jibini ndani kama anavyopenda, na wakati anakunywa nikaanza kulifungua lile jua langu.

Tuliifanya kazi pamoja wiki nzima. Nilipata taa mbili za LED, kila moja ndogo kama kiberiti, mwanga wake wa manjano kwa sababu wa manjano haumrudii mtu machoni sana. Nikazifunga chini, kwenye miguu ya mbele. Zikazibwa na theluji kabla hajafika ziwani, maana taa za namna hii hazipati joto la kuyeyusha kitu. Nikakata kipande cha dumu la petroli, nikatengeneza kofia ndogo kwa kila taa. Ravdna akapaka vioo vyake mafuta ya kulungu kwa kidole, theluji ikawa inateleza. Nilipowasha taa zote mbili kwa pamoja, alinipiga kofi mkononi.

"Zima moja! Hii inakula kivuli cha ile!"

Nikaweka swichi mbili, kila taa na yake.

Heaika alipita gerejini siku hizo kununua mkanda wa pikipiki. Aliinama, akazitazama zile taa, akaangua kicheko.

"Jovnna, umemwekea dada yangu taa za kutafutia sarafu iliyoanguka?"

"Za kutafutia akili yako," Ravdna alisema kutoka nyuma ya pikipiki. Heaika hakuwa amemwona.

Akaacha kucheka. "Dada, sitanii. Jumamosi tunahamisha kundi. Tunavuka ziwa. Utakuja, lakini utakaa nyuma, na nitakuwa nakuangalia. Ikitokea chochote, ufunguo ni wangu na zamu yako nampa mwingine. Sitaki kukuzika."

Hilo la mwisho alilisema kwa sauti nyingine.  Heaika alipotoka, Ravdna aliendelea kupaka mafuta kwenye kioo ambacho kilikuwa kimeshapakwa.

Jumamosi kila mwenye chombo kinachotembea aliitwa, nami nikiwemo. Tulikuwa saba. Heaika alitangulia na pikipiki yake mpya, taa nne usoni, na nyuma yake kwa kamba alimvuta dume mwenye kengele. Kundi zima humfuata huyo dume, na anayeshika kamba yake ndiye anayeamua njia. Sisi tulikuwa pembeni na nyuma. Ravdna alikuwa wa mwisho kabisa, nyuma ya ndama na kulungu wazee, na mimi mbele yake kidogo.

Saa nne asubuhi theluji ilianza. Saa tano tulikuwa katikati ya ziwa na sioni hata glavu zangu. Taa zetu zote ziligeuka maziwa. Mbele, Heaika akapunguza mwendo, akasimama, akaenda tena hatua chache, akasimama tena. Kundi likaanza kuhangaika. Nilisikia kengele ya dume ikigonga ovyo.

Kisha Ravdna akanipita ubavuni, polepole, taa yake ya kawaida ya mbele imezimwa, na pale chini taa moja tu ya manjano ikilamba theluji.  Akitumbukia sasa, nilijiambia, ndiyo basi, na ni mimi niliyemfungia taa hizo. Nilimfuata. Alilizunguka kundi kwa mbali asilishtue, mpaka akamkaribia mdogo wake kwa upande wa kushoto.

"Heaika! Usisogee!"

"Dada, nilikwambia ukae nyuma!"

"Zima hayo majua yako! Yazime, nakwambia!"

Sijui ni theluji au ni ile sauti ya aliyembeba akiwa na makamasi, lakini Heaika alizima. Nami nikazima, na wenzetu nao. Giza la buluu likatufunika, na katika giza hilo ikabaki taa moja ya chini. Hapo ndipo tulipoona. Hatua kama ishirini mbele ya Heaika, theluji ilikuwa imebonyea. Bonde dogo tu, refu, ambalo mchana wa jua ungeweza kulidharau. Kwa mwanga ule wa ubavuni ukingo wake ulitupa kivuli kirefu kilichokatiza njia yetu kutoka kushoto hadi kulia.

Heaika alishuka, akachukua fimbo yake, akatembea kwa uangalifu mpaka ukingoni, akachoma. Fimbo ilizama mpaka mkononi, ikatoka inadondosha tope la barafu. Chini ya theluji ile maji yalikuwa yamepanda juu ya barafu. Pikipiki ingezama hapo hadi kiti, na dume amefungwa nyuma yake, na kundi zima linakuja.

Alisimama akiitazama ile fimbo.  Halafu alirudi, akaifungua kamba ya dume kwenye pikipiki yake. Fundo lilimsumbua. Alimpelekea dada yake, akamwekea kamba mkononi.

"Tangulia, dada."

Ravdna aliitazama kamba, akamtazama yeye.

"Na kahawa atachemsha nani?"

"Nitachemsha mimi."

"Ya kwako ni maji machafu."

"Utakunywa hivyo hivyo," Heaika alisema. Akageuka kuifuta pua, na sidhani ilikuwa baridi.

Tukavuka. Ravdna alizunguka bonde kwa mbali, taa ya kushoto imewashwa, ya kulia imezimwa, dume na kengele yake nyuma, kundi likinyooka nyuma ya dume, na sisi sita tumezima zetu tukiufuata ule mwanga mdogo wa manjano. Nimetengeneza vyombo vingi maishani. Hakuna kilichonipa furaha kama ile.

Jumatatu Heaika alileta pikipiki yake mpya gerejini, akaielekeza miguu ya mbele kwa kidole. "Zile za chini. Mbili." Akaondoka bila kungoja jibu.

Ravdna alikuja mchana, pikipiki ikiwa nzima tena, jambo geni katika historia yetu. Alikaa kwenye ndoo.

"Sasa niunganishie joto la mikono," alisema. "Lile jua lako halipo, umeme umebaki. Vidole vyangu vinalia."

Nikatoa spana. Nilipokuwa nimeinama kwenye waya, aliuliza, "Hizi taa zinadumu muda gani?"

"Boksi limeandika saa elfu thelathini."

Alitafuna nyama yake kidogo. "Daktari naye alinipa idadi. Ya miaka ya macho."

Kwetu humuulizi mtu ana kulungu wangapi. Ni sawa na kumpekua mifuko. Nilikaza skrubu, nikaunganisha waya, nikawasha, nikaugusa usukani mpaka nikasikia joto linakuja. Sikumuuliza idadi.

"Zamu yako lini, shangazi?" nilimuuliza.

Alisimama, akauviringisha vizuri utepe wa buti lake la kulia, akaufunga.

"Alhamisi," alisema. "Na Alhamisi nyingine baada ya hiyo."