Majani Yasiyotaka Maneno

Ngendo alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja, ule unaoisha mtu akipata uji moto na kulala. Wake ulikuwa umehamia mwilini kama mpangaji asiye na nia ya kuondoka. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, na kitu chenyewe hakuna aliyewahi kukihesabu. Alikuwa na magoti yaliyolia kila akichutama, na alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuchuma kahawa kwenye shamba la mzungu mmoja kati ya Ruiru na Juja, debe baada ya debe, nyapara akifoka nyuma ya mgongo wake. Ya pili hakuajiriwa na mtu. Ilikuwa ya kutibu homa.

Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ikimmaliza. Mtu akianza kutetemeka kwenye kambi ya vibarua, mlango uliobishwa ulikuwa wake. Dresa wa shamba alikuwepo, kijana mmoja nadhifu aitwaye Erastus, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi. Lakini vidonge vyake vilikuwa na tabia ya kwisha wiki ile ile homa zinapoanza, na yeye alikuwa na tabia ya kusema, "Rudi Jumatatu." Homa haijui Jumatatu. Basi watu walipita kwa Erastus ili wasije wakaambiwa hawakupita, kisha wakaja kwa Ngendo.

Dawa yake ilikuwa moja tu. Wakikuyu huuita mmea huo wanjiru wa rurii. Ni mmea mdogo wa kwenye nyasi, haufiki goti, wenye majani ya vinyweleo yaliyochongoka meno meno ukingoni, na vijiua vya samawati hafifu vilivyojificha katikati ya majani kana kwamba vinaona haya. Mbuzi, ambaye hutafuna hata kamba aliyofungiwa, akiuonja leo kesho anaupita mbali. Uchungu wake hauna mfano. Ngendo aliutwanga, akauloweka kwenye maji baridi, akamkaba mgonjwa pua, na kumnywesha nusu kikombe kabla hajapata nafasi ya kutukana. Siku ya tatu, mara nyingi, mgonjwa aliomba chakula.

Kuutwanga si kazi. Kazi ilikuwa kuufuata. Ulimea kwenye uwanda wa majani nyuma ya mashamba ya mkonge, upande wa Juja, mwendo wa saa nzima kwa miguu mizima na saa moja na nusu kwa miguu ya Ngendo. Na ulikuwa na sharti lake. Mama yake, marehemu Wangeci, alimpa sharti hilo siku ile ile aliyomwonyesha mmea wenyewe: toka nyumbani kabla umande haujakauka, tumbo tupu, na tangu unapovuka kizingiti mpaka utakapoitundika dawa kwenye kigingi karibu na meko, usifungue mdomo. Usisalimie wala usiitike. Neno likitoka, nguvu ya dawa inatoka nalo, na unachobeba baada ya hapo ni majani ya kulishia sungura.

Ngendo alilishika sharti hilo miaka thelathini na zaidi. Wenyeji walimjua. Wakimwona amevaa kiondo kifuani badala ya mgongoni walijua anafuata dawa, wakampisha njiani bila neno. Hata mabingwa wa umbea, waliokuwa wakiwashwa na ulimi, walingoja mpaka arudi.

Lilimgharimu mara moja tu, na hiyo mara moja ilitosha.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne, miezi ya mvua. Mwanawe Githinji, kijana wa miaka kumi na minne wakati huo, alikuwa amelala siku mbili akiweweseka. Usiku wa pili Ngendo na mumewe Kagwe, seremala wa shamba, walikuwa wamegombana. Waligombana juu ya chumvi. Kagwe alisema mboga haina chumvi, Ngendo akamwambia aende akapikiwe na msumeno wake, na wote wawili wakalala wamenuna, kila mtu na ukuta wake. Asubuhi Ngendo akatoka na kiondo kifuani. Aliporudi, alikuta lori la askari limesimama kwenye lango la shamba, limejaa wanaume walioshukiwa kuwasaidia wapiganaji wa msituni, wamechutama mikono kichwani. Kagwe alikuwa mmoja wao.

Kagwe alimwona. Akasimama nusu, askari akamkalisha, naye akaita hata hivyo.

"Ngendo!"

Ngendo alisimama. Kiondo kilikuwa kimejaa, na mtoto alikuwa ndani anachomeka.

"Ngendo! Bado una hasira na mimi?"

Alikaza meno mpaka taya likamuuma. Alitaka kutikisa kichwa, lakini hata hilo aliogopa, maana mama yake hakumwambia kama kichwa nacho ni neno. Lori likawaka, likaenda. Ngendo alitundika dawa kwenye kigingi, kisha akalia kwa sauti mpaka majirani wakadhani Githinji amekufa. Githinji hakufa. Siku ya tatu aliomba chakula. Kagwe alipelekwa kwenye kambi moja ya kizuizini, mbali, nchi ya joto, na mwaka uliofuata karani wa shamba alimwita Ngendo ofisini akamsomea karatasi kwamba mumewe amefariki kwa ugonjwa wa tumbo.

Tangu hapo Ngendo alikuwa na maneno yake ya kujituliza, na aliyarudia kila usingizi ulipomkataa: nilinyamaza ili mtoto apone, na mtoto akapona. Githinji sasa alikuwa mwanamume, anafanya kazi kiwandani Thika na kumletea mama yake sukari na majani ya chai kila mwisho wa mwezi akipewa pasi ya kusafiri. Akimtazama anakula, mabega mapana, Ngendo alijiambia kwamba bei ilikuwa kubwa lakini kitu alikipata. Maneno hayo yalikuwa mkongojo wake. Alitembea nayo.

Sasa ulikuwa mwezi wa Juni, mwaka wa hamsini na saba, Hali ya Hatari imekaa mpaka watu wamezoea kuonyesha karatasi hata wanapokwenda kuteka maji. Jumamosi jioni Selpha alikuja mlangoni. Selpha alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mmaragoli aliyekuja na mumewe Boaz, fundi wa mashine ya kukoboa kahawa. Mgongoni alikuwa amembeba binti yake wa miaka minne, Jentrix, na kichwa cha mtoto kilikuwa kinaning'inia.

"Mama Githinji, mtoto anachomeka. Nimeenda kwa Erastus, ati dawa imekwisha, nirudi Jumatatu."

Ngendo hakuinuka kwenye kigoda. Alikuwa ametoka kuchuma tangu alfajiri na vidole vyake bado vilikuwa vyeusi kwa utomvu.

"Selpha, mimi pia nimekwisha. Niangalie hii miguu."

"Naona, mama. Nionyeshe hiyo dawa iko wapi, nitaenda mwenyewe."

"Haionyeshwi."

Selpha hakubishana. Alisimama tu pale mlangoni, akimpapasa mtoto mgongoni, na Jentrix akatoa sauti ndogo ya kukoroma ambayo Ngendo aliifahamu kupita kiasi. Ndivyo Githinji alivyokoroma.

"Haiya, mpeleke akalale," Ngendo akasema. "Kesho ni Jumapili. Nitaomba pasi."

Pasi aliipata jioni hiyo hiyo, ya kutoka saa kumi na mbili na kurudi kabla ya saa nne. Alitembea kwa hesabu ya magoti: mpaka kwenye mti ule, pumzika, mpaka kwenye jiwe lile, pumzika. Uwandani umande ulikuwa bado mzito. Alichuma kama alivyofundishwa, mashina mawili kwenye kila kichaka na kuacha mzizi, na kila alipochutama aliona giza kidogo machoni. Kiondo kilipojaa alikuwa na hamu ya kulala pale pale kwenye majani, ng'ombe wamrambe. Aliinuka akarudi.

Kwenye njia ya mkonge kulikuwa na kizuizi ambacho hakikuwepo asubuhi. Gogo lilikuwa limelazwa njiani, na juu yake ameketi homgadi mmoja, mgambo wa serikali, ambaye Ngendo hakumjua. Jina lake Absalom, kama alivyokuja kujulikana baadaye. Alikuwa ameletwa juzi kutoka upande wa Fort Hall na alikuwa na ari ya mtu aliyepewa bunduki karibuni.

"Pasi."

Ngendo alimpa pasi.

"Unatoka wapi?"

Ngendo alikishika kiondo kwa mikono miwili.

"Nakuuliza wewe. Kwenye kiondo kuna nini? Unapelekea nani?"

Ngendo aliinamisha kichwa, kama alivyofanya miaka yote, akingoja kupishwa. Hakuna aliyempisha. Absalom alikuwa Mkikuyu kama yeye, lakini huko kwao pengine dawa zilichumwa kwa kelele. Alichokiona yeye ni mwanamke aliyetoka porini alfajiri na mzigo, asiyetaka kusema. Watu walikuwa wamefungwa kwa machache kuliko hayo.

"Sawa. Utasemea kituoni. Ofisa anakuja jioni, utakaa hapo mpaka afike."

Akakinyakua kiondo, akakipindua, na majani yakaanza kumwagika vumbini.

Jioni, Ngendo aliwaza. Mtoto hatafika jioni. Alifikiria kukaza meno kama alivyoyakaza mwaka ule, lakini nguvu za kukaza zilikuwa zimekwisha. Alitazama majani yanavyoanguka na kitu ndani yake kikaketi chini.

"Ni dawa," akasema. Sauti ilimtoka imekwaruza. "Ni dawa ya mtoto. Wa Boaz, yule fundi wa mashine. Ana homa. Tafadhali, mwanangu, usiyakanyage."

Absalom alimtazama kwa mashaka. Akaokota jani moja, akalitia mdomoni. Akalitafuna mara mbili. Uso ukamkunjamana, akatema, akatema tena, akakimbilia chupa yake ya maji, akasukutua, akatema mara ya tatu.

"Ũũi! Hii unapatia mtoto?"

"Ndiyo."

"Basi si chakula ya watu wa msituni," akasema akijifuta machozi. "Hakuna mtu angekubali kupigania nchi na hii. Chukua, mama. Enda."

Siku nyingine Ngendo angecheka. Siku hiyo aliokota majani moja moja, akayapangusa vumbi, akabaki amesimama njiani hajui ageukie wapi. Dawa ilikuwa imeharibika, kwake hilo halikuwa na shaka. Kurudi uwandani hawezi: jua limekwisha kupanda, saa nne inakaribia, na miguu ilikuwa imekwisha kutoa jibu. Alirudi nyumbani na kiondo cha majani ya sungura, na aibu tele.

Hakumwambia Selpha. Alitwanga, akaloweka, akamkaba Jentrix pua. Mtoto alilia, akatapika kidogo, akanyweshwa tena. Jioni hivyo hivyo, na kesho yake kabla ya kazi. Kila alipoinua kikombe Ngendo alijisikia mwongo. Shambani alichuma kahawa mbichi pamoja na mbivu mpaka nyapara akamuuliza kama amepofuka. Alikuwa akisikiliza upande wa kambi, akingoja kilio cha Selpha.

Jumatatu mchana mtoto alitoka jasho, jasho lile jingi linalolowesha blanketi. Jumanne asubuhi aliketi. Jumanne hiyo hiyo, Ngendo akiwa bado mlangoni kwao na kikombe mkononi, Jentrix alisema, "Nataka ugali."

"Mawe!" Selpha akamaka kwa lugha ya kwao, akapiga makofi, akamkumbatia mtoto, akamkumbatia Ngendo, kikombe kikamwagika. "Amepona! Mama Githinji, Mungu akubariki. Amepona kabisa!"

Ngendo alisema ahsante. Akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba palipoanikwa kuni, akaketi chini. Lilikuwa jasho lile lile la Githinji, siku ile ile ya tatu, na ombi lile lile la chakula. Neno lilikuwa limetoka, maneno mengi tu, na dawa haikujali. Basi haikuwa imejali mwaka ule pia. Angeweza kumwambia. Angesimama pale langoni, kiondo kifuani, akamwambia Kagwe maneno mawili tu, na Githinji angepona vile vile. Kagwe alikufa nchi ya joto akidhani mkewe amemnunia juu ya chumvi.

Selpha alimkuta hapo, mkono umeziba mdomo.

"Mama, ni nini tena? Mtoto amepona."

"Najua," Ngendo akasema. "Najua amepona."

Selpha aliketi karibu naye.

Jumapili iliyofuata Ngendo aliomba pasi mbili. Walikwenda pamoja, Selpha akimshika mkono penye mawe, na Absalom akawapisha kwa haraka kubwa alipokiona kiondo. Uwandani Ngendo hakuchuma. Aliketi kwenye majani, akamwelekeza kwa kidole: huo, si ule, mashina mawili, mzizi uache. Selpha aliinama, akachuma, akarudi na kiondo nusu. Alikuwa amesikia mengi kambini kuhusu dawa hiyo, kwa hiyo aliuliza kwa sauti ya chini, nusu akiogopa.

"Na masharti, mama? Watu husema iko na masharti."

Ngendo alikuwa anasugua magoti.

"Iko moja," akasema. "Mtu akikuita njiani, itika."