Kapasita ya Onyancha na Mkono wa Mama Ombui

Ijulikane kwa watu wote wa mji wa Kisii, wa Sabato, wa Ijumaa na wale wa kilabu cha pombe ya busaa, kwamba mwaka wa 1973 Jethro Onyancha, seremala anayekereza miguu ya vitanda iliyonyooka kuliko tabia za wanaovilalia, alipatwa na msiba: mashine yake ya kukerezea ilifiwa na kapasita.

Kapasita, kwa asiyeijua, ni kikopo kinachokaa mgongoni mwa mota ya umeme ili kuisukuma ianze. Ikifa, ukiwasha mota inanguruma pale pale ilipo, kama mheshimiwa aliyeulizwa habari za barabara. Lakini ukiizungusha kwanza kwa mkono, inashika na kwenda. Sasa, aliyemfungia Onyancha umeme aliiweka swichi mlangoni, na mashine iko kule ndani. Kuiwasha kulitaka watu wawili.

Wa pili alitokea mwenyewe na mkungu wa ndizi kichwani: mkewe Bonareri, Mama Ombui, kutoka Nyacheki. Ndoa yao ilikuwa kama za wengi. Mume mjini na mbao, mke nyumbani na majani chai. Walionana siku ya Sabato, na hata hiyo, kanisani wanaume hukaa upande huu na wanawake ule. Baada ya miaka yote hiyo walijuana zaidi kwa visogo.

"Vuta huu ukanda wa mota uachie, mimi nawasha," Onyancha alimwambia.

Alivuta. Mashine ikashika, lakini ikazunguka kinyume, na patasi ikateleza juu ya mti bila kukata.

"Mama Ombui! Umeirudisha nyuma!"

"Si umesema nivute? Ulisema nivute kwenda Nyacheki ama kwenda Kisumu?"

Mota isiyo na kapasita haina msimamo. Hufuata mkono wa kwanza ulioigusa. Onyancha akacheka mpaka akaegemea ukuta. Farah, mwenye duka la vyuma la jirani, alitoka mbio kuangalia ni nani amekufa, maana sauti ile hakuwahi kuisikia.

Bonareri akabaki. Mkono uliozoea kuchuma chai ni mwepesi, na baada ya siku chache ukanda ulimtii kuliko ulivyomtii mwenye mashine. Walipiga kelele juu ya mngurumo wakisimuliana habari za ng'ombe na za mashemeji. Yeye aligundua kwamba mumewe huzibembeleza mbao akidhani hakuna anayesikia. Mume akagundua kwamba mkewe huimba sauti ya pili, na huiimba vizuri.

Kapasita mpya, aliyoiagiza Farah, ilikuja na basi kutoka Kisumu wiki ile ile. Farah alimpa Onyancha mkononi. Onyancha akashukuru, akaizungushia gazeti, akaizika kwenye mkebe wa misumari. Alijua vizuri: siku atakayoifunga, Mama Ombui anarudi Nyacheki.

"Imefika?" Bonareri aliuliza.

"Bado. Kisumu ni mbali."

Hapo ukaja ujumbe wa jirani yao Nyamoita: chai imepita, inataka kuwa msitu. Bonareri hakulala vizuri. Akienda, kazi ya mume inasimama; akikaa, chai inaharibika. Asubuhi akaingia kwa Farah.

"Shemeji, hiyo kapasita itafika lini?"

"Si ilifika zamani, nikampa mwenyewe..." Farah akaona uso wake, akaanza kuhesabu bawaba.

Bonareri alirudi karakana, akapekua mikebe mpaka akalikuta gazeti. Akaliweka juu ya meza.

"Baba Ombui. Ifunge."

Onyancha alizima umeme kwenye mita. Akatoa kapasita ya zamani, imevimba kama shavu lenye jino bovu, akazigusanisha ncha zake kwa bisibisi, maana kikopo hiki hata kikifa huweza kubaki na kinyongo cha umeme. Akaweka mpya, akakaza nyaya zake mbili, akarudisha kifuniko. Polepole. Sijaona mtu akikaza skrubu polepole vile.

Akaenda mlangoni, akawasha. Mota ikaondoka yenyewe, laini. Mkono wa Bonareri ulikuwa tayari umenyooshwa kuelekea ukanda, kwa mazoea. Ukabaki hapo hewani, hauna kazi.

"Kwa nini hukuniambia tu nibaki?" akauliza.

Onyancha aliitazama sakafu. "Bisibisi ilikuwa imepotea."

Bonareri aliiangalia ile bisibisi ya mpini mwekundu, iliyorudi kwenye mfuko wa kifuani mwa mumewe ambamo hukaa tangu ajue ufundi. Akaichomoa, akaitia kwenye kikapu chake.

"Basi hii naenda nayo. Ukiihitaji, njia ya Nyacheki unaijua."

Tangu hapo, kila Jumatano karakana hufungwa mchana, na Onyancha hupita amenyoa ndevu, mkate kwapani, kuelekea stendi ya basi, ati anafuata bisibisi. Jumatano moja Farah alishindwa kuvumilia, akatoka na bisibisi za kila saizi zimejaa mikononi.

"Mzee Onyancha! Angalia! Ninazo tele! Kiri tu mbele ya Mungu na soko zima kwamba unampenda mkeo!"

Onyancha alisimama, akazitazama moja moja.

"Hizo zina mpini mbaya," akasema, akaenda zake.