Uso wa Buluu wa Fanueli

Wanaosema mdogo wangu Ikupa aliogopa kipande cha ubao hawamjui. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, basi nitasema mimi.

Ikupa alikuwa mkulima wa migomba hapa kwetu Rungwe, mwimbaji wa kwaya, na mwoga hakuwa. Chui alipoingia zizini, yeye ndiye aliyetoka na mwenge, wanaume wamekaa.

Mwaka wa hamsini na tano mumewe Fanueli alikuwa kisiwani huko pwani, kwenye mashamba ya minazi. Kuandika hakujua. Mwenzake Saulo aliporudi akatuletea salamu na picha ya kijiji cha kule, imechorwa kwa rangi juu ya ubao na mfanyakazi mwenzao.

Tukaitazama mlangoni penye mwanga. Nyumba za makuti. Wanawake wa kanga nyekundu wanaanika samaki. Katikati wanaume wanakula kwenye sinia moja. Na kule pembeni amekaa Fanueli, peke yake, uso wa buluu.

Ikupa akashika mlango.

"Mbona hali na wenzake?"

"Mchoraji kamtenga ili aonekane vizuri, shemeji."

"Kwetu anayekula peke yake ni mchawi, au kafukuzwa. Na huo uso?"

"Kivuli hicho. Anasema kivuli cha kule ni buluu."

"Kivuli ni cheusi, Saulo. Nimekiona tangu nizaliwe. Hiyo ni baridi."

Saulo akacheka. "Kule baridi itoke wapi? Ni jasho tu."

"Ndiyo maana naogopa."

Nami sikucheka, maana sisi tunaijua pumzi ya watu. Wenzako wa rika, mliojenga kijiji kimoja, wakinung'unika juu yako, pumzi yao hukufuata kama ubaridi mpaka ugenini, ukaugua ukafa. Dawa ni kuwalisha, waseme hasira yao, kisha kila mmoja ateme maji akikutaja jina.

Kanisa lilikataza, na Ikupa alijua. Akapika pombe ya ulezi mchana kweupe, akawaita watu wa rika la mumewe. Wakanywa, wakasema, wakatema maji: "Fanueli apone." Jailos tu ndiye aliyeshika kibuyu bila kunywa.

"Jailos, unamuua," Ikupa akasema. Sauti yake sikuitambua.

"Aliondoka kama mwizi. Nimekula naye tangu tukichunga ng'ombe, na hakuniaga."

"Umeshasema. Sasa tema."

Akanywa kidogo, akatema kidogo. Jina la Fanueli hakulitaja.

Jumapili wazee wa kanisa wakamzuia Ikupa kushiriki meza ya Bwana. Mzee Yotamu akamwambia, "Tubu, binti yangu, mambo yaishe."

"Fanueli akirudi nitatubu mara mbili, baba. Leo nina safari."

Akafunga kanga yake, akashika njia ya kwa Jailos, maana jina lilikuwa bado halijatajwa.