Mtihani Ndani ya Eda

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa msichana wa shule Mahajanga, mtaa wa Tanambao, baba alipotuhamishia Nosy Be. Kisiwani nilisoma mpaka darasa likaniishia. Kuendelea kulitaka nirudi Mahajanga, boti kwanza, kisha gari kutwa kucha. Baba alisema binti yake halali nyumba za watu, na mjadala ukafungwa. Nililia mpaka nikachoka, kisha nikaolewa, na namshukuru Mungu niliolewa na mtu wa masihara.

Mtu huyo, mshona nguo, ndiye aliyeniletea simu miaka mingi baadaye, watoto wetu wakiwa na watoto wao. Mteja alikuwa amemwambia kwamba kuna chuo Mahajanga kinafundisha ualimu wa watoto wadogo kwa mtandao. "Wewe ulizuiwa kwenda Mahajanga," akaniambia, "basi Mahajanga ije." Nikamwambia ana wazimu. Asubuhi yake alikuwa ameshanisajili.

Jamani, nilivyoyapenda masomo yale! Utotoni mwalimu akishasema jambo limekwisha, na anayeuliza tena anaitwa mzembe. Huyu aliyerekodiwa kwenye simu nilimrudisha nyuma nilivyotaka, huku nikikuna nazi, na hakuwahi kunikunjia uso. Kukiwa na somo la mchana, mume wangu alisimamisha cherehani isinipigie kelele. Wateja aliwaambia wasubiri, mwanafunzi wake anasoma.

Alifariki ukiwa umebaki mtihani wa mwisho, wa kujibu maswali ya watahini kwa simu ya video. Nikaingia eda. Kwetu mjane hatoki nje wala haonekani na wanaume wasio maharimu wake mpaka eda iishe, na mlinzi wa eda yangu alikuwa mama mkwe, ambaye nyumba nzima tunamwita Dady, ndivyo huku wanavyomwita bibi. Naye alikuwa amemzika mwanawe, lakini ulinzi haukulegea. Kati ya watahini walikuwamo wanaume. Nikaamua kuacha. Kuukosa mtihani kulimaanisha kuanza upya, na bila mume wangu nilijijua, nisingeanza tena.

Dady akaniuliza, "Utavuka mlango?"

"Hapana, Dady."

"Sasa unaacha nini? Siku ya ndoa yako kadhi alikuuliza wewe uko chumbani, yeye yuko barazani. Alikuona?"

"Hakuniona."

"Na ndoa haikupita?"

Nikampigia mwalimu wetu, mwanamke, nikamweleza. Akakubali aone uso wangu kwanza akiwa peke yake, athibitishe kwamba ni mimi, kisha wenzake waingie kunisikia tu. Mungu amjaalie kila la heri.

Siku yenyewe, mwalimu alipokwisha kuniona, nilitaka kuzima kamera. Dady akanizuia, hakuamini kitu kinachozimwa kwa kidole. Alitundika shuka katikati ya chumba, mimi nyuma yake, simu mbele. Kisha akaona si adabu kuwaacha wageni wakitazama shuka, akakaa mbele ya simu yeye mwenyewe.

Basi watahini walinihoji hivyo: sauti yangu, uso wa Dady, tambuu shavuni. Mtihani ulikuwa kwa Kifaransa, na Kifaransa chake yeye ni neno moja tu, lakini kila nilipojibu nilikiona kivuli chake kwenye shuka kikitikisa kichwa kwa ukali, kama anayewaonya wasithubutu kubisha. Mwanzo nilijibu haraka haraka, nikijikwaa. Nikakumbuka cherehani ikinyamaza kwa ajili yangu, nikatulia, maneno yakaja. Mwishowe mmoja wa wale wanaume akasema nimefaulu, na kwamba anampongeza bibi.

"Merci," akajibu Dady, akalimaliza neno lake.

Nilitoka nyuma ya shuka nikilia, kwa furaha na kwa uchungu, sikujua kipi zaidi. "Angekuwepo," nikasema, "leo wateja wasingeshonewa kitu."

Dady alikunja shuka, akatema tambuu, akachukua mtandio na fimbo. Nikamuuliza anakwenda wapi na jua kali vile.

"Makaburini. Wewe una eda," akasema, "mimi sina. Nakwenda kumwambia."