Nazi Iliponyamaza

Hadi leo nikisikia nazi ikikunwa, mkono wangu unaoandika husita wenyewe. Ninaishi kwa kutunga hadithi, na bado nauchunga ule mkwaruzo usije ukakatika.

Shangazi Rukia, dada yake baba, ndiye aliyenilea Kisauni mama alipokwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani. Asubuhi aliwafundisha wasichana mantiki katika madrasa ya mtaani, ile elimu ya kupima hoja. Alasiri aliketi juu ya mbuzi akikuna nazi ya mchuzi, nami nikimsomea hadithi zangu. Hakusifu wala hakukosoa. Hadithi ikisimama vizuri, mkono wake uliendelea. Ikiyumba, nazi ilinyamaza. Nilikiogopa kimya kile kuliko bakora ya mwalimu.

Nilikuwa darasa la tatu nilipomsomea hadithi ya jini aliyemwiba mama wa mtu alfajiri, mtoto akaamka na kukuta kitanda kitupu. Jini wangu nilimpamba kwelikweli: kwato, meno ya shaba, harufu ya udi. Nazi ilinyamaza mapema mno.

"Huyo mama hana miguu?" shangazi aliuliza.

Nikamwambia anayo.

"Basi mtu akitosha, jini wa nini? Mtoe."

Nilimtoa huku nalia kwa hasira, maana bila jini ilibaki kwamba mama aliondoka mwenyewe. Kesho yake nikaleta mama mwenye roho mbaya, apendaye dhahabu kuliko mwanawe. Nazi ikanyamaza tena. Shangazi akanipa kanuni ya pili aliyowapa wasichana wake: kabla hujampinga mtu, mjengee kwanza hoja yake, iwe na nguvu kuliko ambavyo angeijenga mwenyewe.

"Mpe mama huyo sababu njema kuliko zote uwezazo kuzifikiri," alisema. "Kisha mchukie, ukiweza."

Nikaandika kwamba mama alisimama kando ya kitanda, viatu mkononi, asithubutu kumwamsha mwanawe, kwa kuwa akimwona yu macho hataweza kuondoka, na asipoondoka hawatakula. Siku hiyo nazi haikunyamaza hata mara moja. Niwaambieni kweli, mwili ulinisisimka. Kwa kanuni mbili tu nilikuwa nimeingia katika chumba nilicholala siku ile, nikamwona mama yangu. Nilitaka kuendelea kumchukia, wallahi, nikashindwa.

Mama alirejea nilipokuwa msichana mkubwa. Kabla hata ya kunikumbatia, alitoa mfuko wa peremende mkobani. Peremende, mimi, na ukubwa wote ule! Nilizipokea kwa adabu, nikawagawia watoto wa jirani.

Mwaka jana, mama akikuna nazi barazani, nilimsomea ile hadithi ya zamani. Mkono wake ulisimama pale kwenye viatu. Nikangoja, kama nilivyokuwa nikimngoja shangazi.

"Hukuwa umelala," alisema taratibu. "Uliamka, ukaniuliza naenda wapi. Nikakwambia naenda dukani. Ukasema nikuletee peremende."

Mimi sikumbuki, hata kidogo. Kanuni za shangazi zilinifikisha hadi kando ya kitanda kile, na bado nazistaajabia. Lakini hoja ya mama iliyozishinda zote alikuwa ameshanitilia mkononi siku aliyorejea, nami nikawagawia watoto wa jirani.